Upepo Tuliouziba

Kama una binti aliyejifungua, na mnalala hemani kwa sababu ardhi imewatoa ndani, soma hapa kabla hujawasha mkaa. Soma mpaka mwisho, usiruke. Mimi nilidhani najua. Nimezaa mara tatu, nimezika mume, na nimeota moto wa mkaa tangu nina meno ya utoto. Kumbe sikujua kitu.

Tetemeko lilitupata mchana, mwezi wa tisa, mahindi yakiwa yameanikwa. Nyumba yangu haikuanguka. Ilibaki imesimama kwa kunitisha tu: ukuta wa upande wa mlimani ulijitenga na paa, ukaacha mwanya wa kupitisha mkono. Ofisa akaja, akapiga alama nyekundu mlangoni, hakuna kulala humo. Kijiji kizima cha Maziping, kaya thelathini na moja, tukahamia uwanja wa kupuria mahindi, kwenye mahema ya buluu yaliyobanana kama meno. Barabara ya gari ilifukiwa na mlima. Kilichobaki ni njia ya miguu ya kushukia kambi ya tarafa, mwendo wa saa moja na nusu, na kila hatua unaangalia juu.

Siku ya tatu binti yangu Yinlan akaja, tumbo la miezi minane mbele yake. Nyumba ya wakwe zake ng'ambo ya bonde ilikuwa imelala chini, na mumewe yuko mbali kabisa, kwenye ujenzi pwani. Nilimkumbatia huku naogopa. Kwetu binti hajifungulii kwa mama yake, wala hakai uzazi hapo. Inasemekana ni mkosi kwa kaka zake. Nikamwendea Bibi Kuang, kikongwe aliyepokea nusu ya watoto wa kijiji hiki, na mimi nikiwamo.

"Bibi, nitafanyaje? Nikimpokea nawaharibia wanangu wa kiume huko mbali waliko."

Bibi Kuang akatema ganda la mbegu ya alizeti. "Dada Tan, hilo hema ni lako?"

"La serikali."

"Basi mkosi uende serikalini. Mlete mtoto akae."

Watu wakacheka mpaka wengine wakalia. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka tangu siku ile.

Yinlan alijifungulia kambini chini, kwenye hema la matibabu, mikononi mwa Nesi Ou, msichana wa miaka ishirini na minne, hajaolewa, mashavu kama tufaha. Mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Jina tulikuwa hatujampa, tukimwita Maomao tu, kama watoto wachanga wote wa kwetu wanavyoitwa mpaka wakomae kidogo. Siku ya tatu wanaume wakampandisha mama na mwana mpaka uwanjani, na mwezi wake ukaanza.

Kwetu mzazi hukaa ndani siku thelathini. Haguswi na maji baridi, haguswi na upepo. Hasa upepo. Upepo ukimwingia mzazi mifupani hautoki tena mpaka kaburini. Si maneno ya kusikia, mimi mwenyewe ni shahidi. Nilipomzaa Yinlan, siku ya kumi na mbili, nguruwe walikuwa wanapiga kelele za njaa, nikatoka kuwakatia majani. Nilitoka muda mfupi tu, upepo wa mtoni ukanikuta jasho likinitoka. Miaka ishirini na sita sasa, vifundo vya mikono yangu vinajua mvua kabla ya wingu. Kukiwa na baridi siwezi kufungua chupa. Kwa hiyo niliapa: huyu mtoto, nyumba au hema, upepo hautamwona.

Lakini hema ni kitambaa. Mwezi wa kumi ulikuja na mvua nyembamba isiyokoma, na baridi ikashuka kutoka kileleni. Upepo uliingia chini ya pindo, uliingia kwenye mishono, uliingia pale kamba zinapopita. Nilikaa usiku na mchana nikiutafuta kwa kiganja, kama mtu anayetafuta panya. Nikiuona hapa naziba, unatokea kule. Na ardhi nayo haikuwa imetulia. Kila siku ilitikisika, mara moja, mara tatu. Yinlan akishtuka maziwa yanakauka. Nikawa sijui niogope kipi kwanza.

Ndipo majirani walipokuja. Nataka niwasifu kabla sijasimulia kilichotokea, maana wema wao ulikuwa wa kweli. Watu wasio na paa walileta mayai, kila kaya mawili. Mmoja alileta kuku wake wa pekee aliyenusurika, amemfunga miguu kwa utepe mwekundu kana kwamba ni harusi. Wengine walileta sukari nyekundu na togwa ya mchele ya kupikia mayai, ile inayoteremsha maziwa. Halafu wakaniona nimepiga magoti, napapasa pindo la hema.

"Dada Tan, unasujudu?" akauliza Pu Dayong. Huyu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mchoma mkaa, mdomo haufungiki.

"Natafuta upepo."

"Ungesema! Mimi nilidhani unatafuta mume."

"We Pu, nikitafuta mume nitatafuta anayeoga."

Akacheka, akaenda. Baada ya muda akarudi na watu kumi. Wakaleta karatasi za nailoni za vitalu vya mboga, wakalifunika hema zima, tabaka mbili. Wanawake wakashona mablanketi ndani, pembe kwa pembe, sindano zinakimbia. Mlangoni wakatundika mfarishi mzito wa pamba. Walipokwisha, nikazungusha kiganja kote. Hakuna upepo. Nililia. Niliwashika mikono mmoja mmoja, nikawaambia Mungu wa mbinguni anawaona.

Siku ya nane Nesi Ou akapanda kuangalia kitovu cha mtoto. Aliingia, akasimama, akavuta pumzi.

"Shangazi, humu hewa inaingilia wapi?"

"Haiingii," nikasema kwa fahari.

"Acheni mwanya hapo juu. Hata wa kiganja kimoja."

Bibi Kuang alikuwa amekaa kitandani anakunja nepi. Akamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Mjukuu wangu, wewe umezaa wangapi?"

Hema zima likacheka. Nesi Ou akawa mwekundu mpaka shingoni. Tukamwonea huruma, tukampa yai. Akasema tena, polepole, "Mwanya wa kiganja," kisha akashuka na mvua yake. Alipoondoka Bibi Kuang akasema, "Wasichana hawa wanasomea vitabu. Kitabu hakina mifupa." Nikaona amesema kweli.

Jioni ya siku iliyofuata Pu Dayong akaja amebeba kapu mgongoni. Ghala lake la mkaa lilikuwa limefukiwa, na alikuwa amechimba siku nne kwa mikono kutoa magunia mawili. Moja akaniletea mimi.

"Mkaa wa mti mgumu," akasema. "Hauna moshi hata kidogo. Mtoto hatakohoa."

"Pu, na wewe utaota nini?"

"Mimi nina mafuta mwilini, si unaona?" Mbavu zake zilihesabika kupitia shati.

Kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kinatangaza kila asubuhi: msiingize moto ndani ya mahema. Tulisikia. Lakini wiki moja kabla, hema la kaya ya mwisho lilishika moto kwa jiko la kuni, likaisha muda wa kupiga chafya mara tatu. Kwa hiyo tulielewa kwamba hofu ni hema kuungua. Tukawa waangalifu sana kwa jambo hilo. Tuliweka seredani juu ya bamba la jiwe. Tukaweka ndoo ya maji kushoto, ndoo ya mchanga kulia. Tukasogeza kitanda hatua mbili. Nikakaa nalinda cheche, na cheche hata moja haikuruka. Mkaa uliwaka mwekundu, kimya, bila moshi, hema likawa na joto kama tumbo la kuku. Yinlan akafungua vifungo vya shingo kwa mara ya kwanza, akasema, "Mama, sasa najisikia niko nyumbani."

Na hapo ndipo kosa lilipo, nataka ulione vizuri. Nyumbani mkaa huu huu ulituotesha maisha yetu yote na haukumuua mtu. Lakini nyumba zetu zilikuwa za mbao na vigae, mwanga wa mwezi unapita kwenye paa, na kila baridi tukizitukana kwa mianya yake. Hatukujua kwamba ile mianya ndiyo iliyokuwa ikitulinda.

Siku ya kumi Yinlan akaniambia kichwa kinamgonga.

"Kinagonga vipi?"

"Kama mtu ananibana hapa na hapa. Na kichefuchefu."

Kichwa, kichefuchefu, uchovu: si dalili za upepo hizo? Nikamwita Bibi Kuang. Akamshika mapigo, akamwangalia ulimi, akatikisa kichwa. "Upepo umemwingia. Mdogo, lakini umeingia. Kuna tundu mahali."

Tukalitafuta tundu hilo sote kama watu waliopotewa na mtoto. Majirani wakakanda tope na mabua, wakajenga tuta kuzunguka pindo lote la hema. Mishono wakaipaka unga uliokorogwa. Kamba za mlango wakazifunga kwa fundo la kufungia mzigo wa punda. Yinlan nikamvika kitambaa kichwani, mara mbili. Nikaongeza mkaa. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinauma, lakini nikajiambia ni usingizi, nani analala siku hizi? Nilipotoka nje kuchota maji nilipata nafuu, nikirudi kinauma tena. Jambo hilo liliniambia ukweli wote, waziwazi, na mimi sikulisikiliza.

Siku ya kumi na mbili. Asubuhi ardhi ilitikisika, si sana, lakini mawe yaliporomoka upande wa pili wa bonde, sauti yake ikachelewa kuisha. Mvua. Ukungu umekaa uwanjani, hema la tatu huoni. Tangu alfajiri seredani haikuzimwa. Mchana nikamnywesha Yinlan supu kwa kijiko kama yeye ndiye mtoto, akala viwili akageuza uso. Nikasema nitaenda jiko la pamoja nimletee ya kuku, iliyokolea tangawizi. Nikazifunga kamba kwa nje, fundo la punda, ili upepo usiusukume mfarishi. Nikaondoka nimeridhika.

Jikoni kulikuwa na foleni na maneno. Yule kuku mwenye utepe mwekundu ndiye aliyekuwa chunguni, na Pu Dayong alikuwa anatoa hotuba ya mazishi. "Marehemu alinusurika tetemeko, akashindwa na uzazi wa Yinlan. Alikuwa jogoo wa moyo."

"Alikuwa tetea, mjinga wewe," akasema mpishi.

"Moyo hauna jinsia."

Nilicheka. Nilisimama pale nimeshika bakuli nikacheka. Hilo halinitoki. Labda ilikuwa nusu saa.

Niliporudi sikusikia mtoto. Nikafurahi, amelala. Nikafungua fundo, nikaingia, nikafunga nyuma yangu haraka. Joto lilinipiga uso. Maomao alikuwa kifuani kwa mama yake, mashavu mekundu, mazuri, mekundu kama yamepakwa rangi ya sikukuu. Hata midomo. Nikasema, "Yinlan, mtazame mwanao alivyonona rangi." Yinlan hakujibu. Na yeye mashavu yake yalikuwa mekundu. Nikamtikisa bega. Kichwa kikaenda na bega, kikarudi kivyake.

Nikaweka bakuli. Nilitaka kumnyanyua mtoto, mikono haikufika. Sakafu ikainuka upande mmoja. Taa iliyoning'inia niliiona inazunguka. Magoti yakanitoka, na akili yangu yote ikasema jambo moja tu, lile tulilolizoea: ardhi inatikisika. Nikapiga kelele kwa pumzi niliyobakiwa nayo, "Linatikisa! Tokeni! Linatikisa!"

Ardhi haikuwa inatikisika. Ilikuwa mimi.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Watu wote walitoka mbio mahemani na jikoni, wakakusanyika katikati ya uwanja kama tulivyozoea. Tangu siku ya kwanza tulikuwa na utaratibu: kila mtikisiko, kila kaya inaitwa na inajibu idadi ya vichwa vyake, na hakuna kurudi ndani mpaka hesabu itimie. Bibi Kuang ndiye aliyekuwa akiita, maana ana sauti ya kuvunja chungu.

"Kaya ya kwanza!"

"Watano!"

"Ya pili!"

"Wawili!"

Pu Dayong akasema, "Bibi, mbona mimi sikusikia kitu? Tazama maji ya ndoo, yamelala kama bwana afya."

"Hesabu kwanza, ubishi baadaye. Kaya ya tatu! Tan!"

Kimya.

"Dada Tan! Ya tatu!"

Wanasema Pu Dayong aliyatazama yale maji mara moja tu, kisha akakimbia. Fundo la punda nilikuwa nimelifunga kwa ndani, likamshinda, kamba zimelowa mvua. Alijaribu chini, tope limekauka kwa joto la ndani, gumu kama matofali. Tulikuwa tumejenga vizuri. Akanyakua mundu kwenye lundo la mabua, akauchoma hemani juu ya kichwa chake, akashuka nao mpaka chini, nailoni, kitambaa, blanketi, vyote. Alitutoa mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

Mvua ikanipiga usoni. Nilifumbua macho nikaona Yinlan amelazwa kwenye mabua, shingo wazi, kichwa wazi, upepo wa mtoni unacheza na nywele zake. Nikatambaa. Naapa nilitambaa na matapishi mdomoni nikimlilia, "Upepo! Mfunikeni! Siku ya kumi na mbili, mfunikeni!"

"Huu si upepo!" Pu Dayong alikuwa anapiga kelele, uso umempauka. "Hii ni sumu ya mkaa! Mjomba wangu alitolewa tanurini hivi hivi, mwekundu kama aliyetoka kunywa!"

Bibi Kuang alikuwa tayari amemchukua Maomao. Alimvua nguo zote, tabaka baada ya tabaka, zile tulizomvika sisi wenyewe, mpaka akawa uchi kwenye mvua ya mwezi wa kumi. Akamgeuza, akampiga nyayo. Kitu hakuna. Akafunika mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake usio na meno, akapuliza, kidogo, kama mtu anayepoza uji. Akapuliza. Akapuliza. Nilikuwa namtazama yule kikongwe mgongo wake ukipanda na kushuka, na nikawa nauomba ule upepo niliouapia. Nikasema, njoo, ingia, mwingie mifupani, mpe baridi yabisi ya miaka mia, lakini ingia.

Maomao akakohoa. Sauti ndogo, kama ya paka aliyekanyagwa. Kisha akalia.

Yinlan hakuamka. Alikuwa anapumua, lakini kwa vituo, na kati ya kituo na kituo nilikuwa nakufa. Mtungi wa hewa ulikuwa kambini chini. Wanaume wakang'oa mlango wa nyumba ya Bibi Kuang, wakaufunga kwenye mianzi miwili, wakamlaza. Wanne wanabeba, wanne wanangoja zamu. Bibi Kuang akabaki na seredani zote za uwanjani, akizimwagia maji moja moja huku anazitukana. Mimi nikamfunga Maomao kifuani, kichwa nje, na nikawafuata.

Njia ile hupita chini ya kovu la mlima, pale ulipomeguka siku ya tetemeko. Asubuhi mawe yalikuwa yameanguka. Pu Dayong alitangulia, anasikiliza, ananyanyua mkono, tunasimama, anaushusha, tunakwenda. Hakufanya mzaha hata mmoja. Nilikuwa na macho mawili tu na vitu vitatu vya kuogopa: mlima juu, kifua cha Yinlan mbele, na pua ya mtoto chini ya kidevu changu.

Tulipofika kwenye kona ukungu ukapasuka. Sijui niseme vipi. Tangu tetemeko sikuwa nimeutazama mlima isipokuwa kuona kama unakuja. Sasa kando ya lile kovu la kijivu, kulia na kushoto, miti yote ilikuwa imegeuka. Myekundu, ya njano, ya rangi ya asali, imepangana mpaka theluji ya juu, inang'aa kwa maji ya mvua. Kumbe majira ya majani kupukutika yalikuwa yamekuja yakatukuta tumejifungia. Ilikuwa nzuri mno, nikaogopa. Kila jani lililoanguka moyo wangu uliruka, nikidhani ni jiwe la kwanza. Majani yaliangukia mlango ule, yaliangukia miguu ya Yinlan, na wanaume hawakuwa na mkono wa kuyaondoa.

Hapo ndipo aliposema. Sauti nzito, kama ya mlevi.

"Mama. Mlima umekuwa mwekundu lini?"

Wanaume wakasimama bila kuambiwa. Pu Dayong akakaa chini njiani, akaficha uso.

"Jana," nikasema. "Usilale, mwanangu. Utazame. Niambie unaona rangi gani."

"Nyekundu."

"Nyingine?"

"Njano. Kichwa kinauma, Mama."

"Kiache kiendelee kuuma. Nyingine?"

Nikamhesabisha rangi mpaka kambini. Akinyamaza namfinya. Wanaume wakaanza kumsaidia, "Ile pale, Yinlan, ile kama soksi za Pu, ni rangi gani?" Alijibu moja kwa kila hatua kumi. Sikumbuki njia, nakumbuka rangi tu.

Nesi Ou alipotuona hakusema "niliwaambia". Alimvika Yinlan kile kifuniko cha hewa, akamshika Maomao. Daktari alikuja baadaye akatueleza: mkaa ule una sumu isiyo na harufu wala moshi, inamkuta mtu amelala na inamwacha amelala. Akasema Yinlan atapona, ila atasahausahau kwa miezi. Nikamuuliza mtoto je. Akatazama karatasi zake. Akasema anaonekana mzima, lakini kwa umri ule mtu hawezi kujua yote, tumrudishe kila mwezi waangalie masikio, macho, shingo. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka atembee, mpaka aseme. Akaniwekea mkono begani. Hakuniambia nisiogope, na nilimshukuru kwa hilo.

Tulirudi juu baada ya siku sita. Hema letu lilikuwa bado na lile pasuo, juu mpaka chini, limeshikwa kwa pini za nguo. Majirani walikuwa wamesimama nje kama watu waliofika msibani. Wa kwanza Pu Dayong, mikono mfukoni.

"Mkaa ulikuwa wangu," akasema.

"Tope lilikuwa langu," akasema mpishi.

"Fundo mimi," akasema mwingine nyuma.

"Nailoni mimi."

Nikawaambia, "Na mimi ndiye niliyeomba." Mtu akaleta uji.

Upande wa kusini wa uwanja walikuwa wamejenga ukuta wa mabua ya mahindi, urefu wa mtu, wazi kwa juu, Yinlan akae hapo jua likitoka. Kila kaya ilikuwa inachemsha mawe na chupa za maji kwa zamu, za kumwekea miguuni. Kila hema uwanjani lilikuwa limekatwa mwanya juu, kiganja kimoja. Wengine walikuwa wamepima kwa kiganja cha Pu, ambacho ni kama koleo.

Bibi Kuang akaja na sindano ndefu ya kushonea magunia. "Nishone hili pasuo. Mwanya upo juu, unatosha. Bado siku kumi na mbili za mwezi wake, na leo upepo ni wa kaskazini."

Alisema kweli. Upepo uliingia pale kwenye pasuo, ukainua pembe ya blanketi la Yinlan. Vifundo vyangu vikauma papo hapo. Kila kitu nilichofundishwa na mama yangu, na mama yake, kilikuwa kinaniambia: shona.

"Usishone, Bibi."

"Atapata baridi yabisi. Atakulaumu."

"Atakuwa hai wa kunilaumu."

Kisha akachomeka sindano kwenye kola yake, akaingia, akaketi chini pale pale upepo unapopita, mgongo kwa pasuo, akavuta koti. "Basi mimi nitakuwa mlango," akasema. "Mlango wenye mianya. Leteni chai."

Kesho yake aliketi mpishi. Kesho kutwa Pu. Walipokezana mpaka mwezi ukaisha.

Sasa nakuambia wewe mwenye mzazi hemani, au chumbani, au popote. Majirani wakija kukuzibia, wapokee, wape chai, uache mwanya. Kichwa kikiuma ndani na kikipona nje, usitafute upepo, mtoe mtu nje. Mkaa usio na moshi usiuamini. Mtoto mwenye mashavu mekundu kupita kiasi usimsifu, mwamshe.

Maomao ana miezi mitano. Wiki iliyopita aligeuza kichwa kufuata sauti, au labda alifuata mwanga, Yinlan na mimi hatukubaliani. Akinyamaza muda mrefu namfinya kidogo pajani. Yinlan ananigombeza, majirani wananicheka, "Dada Tan, mwache mtoto alale!"

Wacha wacheke. Alie kwanza, nimsikie, ndipo alale.